Ukomo wa Deni la Mrisho

Deni la Mrisho Kapalata lilikuwa limebakiza siku tano life. Mrisho mwenyewe, kwa makisio ya daktari, alikuwa amebakiza tatu. Kama Mungu angekuwa karani, Kalunde angemwandikia barua ya kuomba namba hizo mbili zibadilishane nafasi. Lakini Mungu si karani, na makarani wa Ofisi ya Makusanyo hawakuwa na desturi ya kusoma barua za wake za watu.

Kalunde alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, bakuli la uji mkononi, akimlisha mumewe kijiko kimoja kimoja. Mrisho hakuutaka uji. Alitaka kusema. Kila alipofumbua mdomo mkewe alitia kijiko, uji ukamchuruzika kidevuni, naye akaufuta kwa pindo la kanga. Mtu asiyejua angeona mapenzi ya watu wazima waliozeeka pamoja. Mapenzi yalikuwepo, lakini hofu ilikuwa nyingi zaidi.

"Mama Nyamizi," Mrisho alisema kwa shida. "Niache niseme."

"Kunywa kwanza."

"Mimi, miaka ile ya nyuki, yale mapato..."

Kijiko kilianguka sakafuni. Kalunde alimziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu, kama unavyomziba mtoto anayetaka kulia mbele za wageni. Nyuma ya sikio la kushoto la Mrisho, chini ya ngozi, palikuwa na uvimbe mdogo kama choroko. Uliwaka manjano, ukakaa hivyo kidogo kana kwamba unasubiri neno moja zaidi, kisha ukazimika. Kalunde akashusha pumzi.

Uvimbe ule uliitwa Shahidi. Kila mtu aliyedaiwa kodi ya mapato na kushindwa kuilipa aliwekewa wake. Uliishi kwa joto la mwili. Haukujali matusi, wala umbea, wala siri za chumbani. Ulisikiliza jambo moja tu, mwenye mwili kukiri. Yakikutana mambo matatu katika kinywa kimoja, yaani mimi, na mapato, na sikulipa, Shahidi aliwaka nyekundu, na kule makao makuu miaka kumi na miwili ikaanza kuhesabiwa upya.

Maana sheria, tusiionee, ilikuwa na huruma ya aina yake. Serikali ilijipa miaka kumi na miwili ya kudai. Ikipita hiyo bila mdaiwa kukiri, deni linakufa na hakuna wa kulifufua, na siku hiyo watu waliiita Ukomo. Ukitoroka nchi, hesabu inasimama mpaka urudi. Ukikaa kwako, ukaonekana, ukanyamaza, hesabu inakwenda. Deni lisilokiriwa lilikula mali tu. Lilikuwa limekula nyumba ya ghorofa ya Mrisho, magari yake mawili, na mashine zote, mpaka wakabaki na vyumba hivi viwili vya kupanga. Deni lililokiriwa lilikula watu. Mdaiwa mwenyewe, au kama ni mzee au amekufa, mtoto wake wa kwanza, alipelekwa zamu kwenye mashimo ya betri, huko zinakofumuliwa betri chakavu za dunia nzima, mpaka malimbikizo na riba viishe. Wengi waliisha wao kabla ya riba.

Mtoto wa kwanza wa Mrisho, na wa mwisho, alikuwa Nyamizi. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na miezi miwili tu imembakia amalize masomo ya ukunga. Alikuwa ameshazalisha watoto kumi na mmoja kwa mikono yake, na alikuwa akikutajia mmoja mmoja hata kama hukumuuliza.

Mrisho aliuondoa mkono wa mkewe mdomoni, akaugeuza kiganja juu, akaanza kuandika kwa ncha ya kidole. Ndivyo walivyozungumza mambo hayo kwa miaka kumi na miwili. Shahidi hakuwa na macho. Kidole kilitetemeka, na ilimbidi Kalunde asome herufi moja moja.

MTOTO WA MWASHAMBA.

"Yule mtoto alikufa kwa homa," Kalunde alisema kwa sauti. "Wewe si homa."

Mrisho akaandika tena: ZAHANATI.

Kalunde aliufumba mkono wake, akaenda kuokota kijiko. Alilijua jambo lile kuliko alivyotaka kulijua. Nyuki wa kweli walipokwisha katika mkoa wa Tabora, Mrisho alileta nyuki wa bati, mashine ndogondogo zisizozidi punje ya mahindi, akawa anazikodisha kwa wenye mashamba ya alizeti na matikiti kutoka Sikonge hadi Nzega. Miaka mitatu aliogelea katika fedha, na miaka mitatu aliiandikia serikali sifuri. Mwaka wa tatu zahanati ya mtaa ilifungwa kwa kukosa fungu. Mtoto wa jirani yao Mwashamba akafia njiani, mgongoni mwa mama yake, akipelekwa mbali. Hakuna aliyewahi kumwambia Mrisho kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano. Alijiambia mwenyewe, na tangu hapo hakulala vizuri.

*

Saa nne asubuhi Fumbuka alibisha hodi.

Alikuwa mkusanyaji wa mtaa wao, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mpole, shati limenyooka pasi, mkononi mfuko wa machungwa. Sheria ilimpa haki ya kukaa na mdaiwa mahututi tangu asubuhi hadi alasiri, akisubiri. Watu waliiita haki ya mkeka. Aliyeitunga sheria ile aliwajua watu wake barabara. Hapa kwetu mtu akija kumjulia hali mgonjwa humfukuzi, hata kama unajua ndiye aliyemroga. Unamtandikia mkeka na kumpa chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mgeni njoo, mwenyeji apone," Kalunde alisema, na midomo yake haikucheka.

Fumbuka aliipokea kejeli ile kama alivyopokea chai, akainamisha kichwa. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, na hata hivyo chai ikamwagika kisahanini. Kalunde akaona. Alishawahi kuona mikono ya namna ile kwa waliotoka mashimoni, na meno pia, ila Fumbuka hakuwa mtu wa kucheka mpaka ukayaona.

"Baba yako ndiye aliyekiri?" alimuuliza.

"Ndiyo, mama. Nilikuwa na miaka kumi na tisa."

"Ukamsamehe?"

"Nilikaa shimoni miaka sita nikilifikiria hilo. Bado nalifikiria."

"Na bado unakuja kukaa kwenye mkeka wangu."

"Zamu yangu haijaisha, mama. Ninaimalizia hivi. Nikikataa kuja hapa, nitarudishwa kule." Alikiweka kikombe chini taratibu, kisha akamgeukia mgonjwa, na sauti yake ikawa ya kazini. "Mzee wangu, umeamkaje? Kuna jambo lolote moyoni ungependa kulitua?"

Macho ya Mrisho yalifunguka. Kabla hajavuta pumzi ya kujibu, Kalunde alianza kusoma Fatiha kwa sauti ya juu, akairudia, akairudia tena, mpaka mumewe akachoka kungoja zamu yake ya kusema na kufumba macho. Huwezi kumkatisha mtu anayesoma Fatiha, na hilo nalo Kalunde alilijua barabara.

Nyamizi aliingia na chupa ya dawa ya maumivu. Alimwamkia mgeni kwa adabu, asiye na habari kwamba mgeni anamtazama yeye zaidi ya mgonjwa. Akapima matone ishirini ndani ya kijiko, akihesabu kimoyomoyo.

"Usije ukampa wewe nikiwa sipo, Mama," alisema. "Ishirini yanatuliza. Arobaini yatamlaza, na alivyo sasa hataamka."

*

Shemeji yake Kalunde, Maalim Songoro, alifika alasiri Fumbuka alipokwisha kuondoka. Alikuwa kaka mkubwa wa Mrisho, mzee wa miaka sitini na saba, aliyefundisha madrasa maisha yake yote na kuosha maiti wa nusu ya mtaa. Ndiye aliyemlea Mrisho walipofiwa na wazazi. Alimvuta Kalunde uani, karibu na jiko la mkaa, mahali ambapo mgonjwa hawezi kuwasikia.

"Shemeji, nimeambiwa unamziba mdomo ndugu yangu."

"Namziba."

"Mtu anakufa!"

"Naona, shemeji. Mimi ndiye ninayemgeuza usiku."

Maalim aliketi juu ya kigoda. "Roho ya muumini imetundikwa kwa deni lake mpaka lilipwe. Hayo si maneno yangu. Mtu akisikia safari imekaribia, anataja madeni yake, anaomba radhi, anatulia. Wewe unamnyima hata hilo."

"Amtajie Mungu moyoni."

"La Mungu unamwambia Mungu. La watu unawaambia watu."

"Na watu wakishaambiwa wanamchukua Nyamizi." Kalunde aliisogeza sufuria ambayo haikuhitaji kusogezwa. "Umeziona hospitali zao za kule, shemeji? Hakuna. Mtu akianza kutetemeka wanambadilishia kazi, akianza kukohoa damu wanambadilishia kitanda. Mwanangu anajua kumtoa mtoto aliyetanguliza miguu. Niende nikamtupe shimoni kwa ajili ya nyuki wa bati?"

Maalim alimpenda Nyamizi, ndiye aliyemfundisha alifu kwa kijiti. Lakini alikuwa na jambo jingine, na lilikuwa zito kuliko yote.

"Mdomo huo unaouziba ndio utakaotamka kalima," alisema. "Mwislamu anatakiwa aage dunia na shahada ulimini. Je, siku hiyo nayo utamziba?"

Ndilo jambo Kalunde alilokuwa akilikimbia wiki nzima. Mdomo ni mmoja. Ukiuachia upitishe kalima, utapitisha na lile jingine, na Mrisho hakuwa mtu wa kusema jambo moja akaacha la pili.

"Niahidi kitu kimoja," alisema mwishowe. "Makaburini usisimame ukauliza nani anamdai marehemu."

Ilikuwa desturi ya zamani kuliko wote wawili. Kabla watu hawajatawanyika kaburini, msemaji wa familia husimama na kutangaza: anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa naye ajitokeze pia. Ofisi ya Makusanyo ilikuwa imeitumia desturi hiyo kwa kazi yake. Kwa siku zilizobaki kabla ya Ukomo, Shahidi aliyetolewa kwa maiti hubaki kwa mkusanyaji, na neno la msemaji wa familia huhesabiwa kama neno la marehemu. Familia ngapi zilishapoteza watoto kwa sababu mjomba fulani alisimama kwa mazoea na kusema alichomsikia babu yake akisema?

"Nimezika watu mia nne," Maalim alisema, "na sijawahi kuacha kuuliza."

"Mara hii tu, shemeji. Nakuomba."

Alilia kidogo yule mzee, akajipangusa kwa kofia yake. "Sitauliza," alisema. "Wallahi sitauliza."

*

Siku ya tatu Mrisho aliamka mzima.

Wauguzi wanaijua hali hiyo na hawaifurahii. Mgonjwa huketi, huomba chai, huwaulizia watu kwa majina, na waliozoea huanza kutafuta sanda. Mrisho aliketi bila kushikwa. Sauti yake ilikuwa ileile ya zamani, sauti ya mtu wa biashara.

"Nyamizi yuko wapi?"

"Nimemtuma dukani," Kalunde alisema. Ilikuwa kweli; alimtuma sukari wakati sukari ipo.

"Akirudi aje akae hapa. Na yule kijana wa machungwa akija, mwache anisogelee. Leo usinisomee Fatiha."

"Mrisho, unajua utakalomfanyia mtoto."

"Najua." Hakuwa na ukali. "Nimenyamaza miaka kumi na miwili. Mtoto wa Mwashamba naye ana miaka kumi na miwili kaburini. Kila nikikutana na mama yake ananisalimia vizuri, na ile salamu ndiyo inayonimaliza. Siwezi kwenda hivi, mke wangu. Naogopa."

Alikuwa hajawahi kusema neno hilo, naogopa, katika miaka thelathini ya ndoa. Kalunde alimshika mkono na kulia mbele yake waziwazi.

"Basi nimuulize Nyamizi mwenyewe," Mrisho alisema. "Ni mtu mzima. Aamue yeye. Akisema ninyamaze, nitanyamaza, nitatamka kalima yangu na kufumba mdomo."

Lilikuwa pendekezo la haki. Jaji yeyote angelikubali. Tatizo ni kwamba Kalunde alimjua binti yake. Aliwahi kumwona akiacha chakula cha mchana kwenda kumsaidia mwanamke asiyemjua. Akimwona baba yake anaogopa hivi, Nyamizi hatafikiria hata kwa pumzi mbili. Atasema, sema, Baba. Atasema hivyo akitabasamu, na atakwenda zake shimoni akidhani amefanya jambo dogo.

"Sawa," Kalunde alisema. "Kunywa uji kwanza, upate nguvu za kumuuliza."

Jikoni alihesabu matone mpaka ishirini, akasimama. Alisikia nje watoto wanacheza rede na mtu anapiga misumari juu ya bati. Alijiambia kwamba bado anaweza kuacha hapo. Kisha akaendelea, ishirini na moja, ishirini na mbili, mpaka arobaini, na alipofika arobaini aliongeza matano kwa sababu mkono haukutaka kusimama.

"Uji mchungu," Mrisho alisema.

"Ni dawa. Malizia."

Mrisho alimtazama. Pengine alijua, pengine hakujua. Kalunde angelibeba swali hilo maisha yake yote yaliyobaki. Akaumaliza wote, kwa sababu kwa miaka thelathini hakuwahi kukataa kitu kilichotoka mkononi mwake.

Nyamizi aliporudi na sukari baba yake alikuwa amelala. Alimpima mapigo, akafunua kope moja, akaitazama meza ya dawa. Fumbuka alifika na machungwa yake, akaketi mkekani, naye akaitazama meza ileile. Hakuna aliyeuliza. Chai ilipoa.

Ilipofika alasiri pumzi zilianza kuachana. Kalunde aliinama sikioni mwa mumewe na kumsomea shahada, polepole, kama anavyofundishwa mtoto, akimwomba aifuate hata kwa ncha ya ulimi. Alimsomea mara nyingi kuliko anavyokumbuka. Midomo ya Mrisho haikucheza. Pumzi moja ikatoka, na nyingine haikuja.

Fumbuka alisubiri watu wamalize kilio cha kwanza, ndipo akasogea na koleo dogo na kisanduku cha bati. Alimtoa Shahidi nyuma ya sikio kwa uangalifu wa mtu anayemtoa mtoto mwiba.

"Zimebaki siku tatu, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Sheria inanilazimisha niwe naye makaburini. Asiseme mtu chochote. Siku tatu si nyingi."

Ilikuwa mara ya kwanza Kalunde kumsikia akimshauri mtu kama asiye kazini. Akamwitikia kwa kichwa.

*

Walimzika kesho yake asubuhi. Wanawake walibaki nyumbani, kama ilivyo ada, wamekaa kwenye mikeka na vichwa vimefunikwa. Nyamizi aliketi ubavuni mwa mama yake, mkono mmoja umeshika pindo la kanga yake. Kalunde alikuwa akihesabu. Sasa wanasali. Sasa wanamtia mwanandani. Sasa wanafukia. Sasa ndipo shemeji angesimama, na hasimami. Sasa wanarudi. Alipofika hapo moyo wake ulilegea kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu jana aliweza kumlilia mumewe bila kufikiria kitu kingine.

Maalim Songoro aliingia uani akiwa na udongo mikononi. Uso wake ulikuwa umetulia. Alikuja moja kwa moja mpaka mlangoni pa wanawake, akamwita Kalunde pembeni, na kusema, kama mtu anayeleta habari njema:

"Shemeji, nimelimaliza. Mrisho yuko huru."

"Umemaliza nini?"

"Sikuuliza nani anamdai. Nilikuahidi sitauliza, na sikuuliza. Lakini nilikesha nikifikiria, nikaona njia ipo, nayo ni ya wazee wetu. Ndugu akifa na deni, mwingine analibeba, na marehemu anapumzika. Nilisimama mbele ya watu mia mbili, nikasema: ndugu yangu Mrisho alikuwa na kodi ya mapato hakuilipa, na leo deni hilo liko juu yangu mimi. Waniite mimi huko shimoni. Nyamizi amesalimika, na Mrisho amesalimika."

Mzee alimwangalia Kalunde usoni, akaanza kuingiwa na wasiwasi.

"Shemeji, si nimelibeba mimi?"

Fumbuka alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi. Kisanduku cha bati kilikuwa mfukoni mwa shati, na mwanga mwekundu ulipenya kitambaani.

"Una miaka sitini na saba, Maalim," alisema. "Shimo halipokei mtu aliyezidi hamsini."

"Lakini nimesema juu yangu! Watu wote wamesikia!"

"Umesema deni lipo. Sheria imechukua hilo tu. La nani alipe lilishaandikwa zamani." Hakumtazama Kalunde alipoendelea. "Imeanza upya tangu saa tatu na robo. Nilikukonyeza, Maalim. Nilikukonyeza ukiwa unasimama."

"Nilidhani unalia," Maalim alisema.

Mzee yule aliketi chini palepale vumbini, akaanza kujipiga kifua kwa ngumi, na hakuna aliyemzuia. Wangemzuia kwa maneno gani? Alikuwa ametoa kitu chake cha thamani kuliko vyote, nafsi yake, na serikali ilikuwa imekipokea na kukiweka kando. Kalunde alijaribu kumchukia na akashindwa. Angekuwa na mahali pa kuiweka hasira ile ingemsaidia, lakini kila alikoipeleka ilirudi kwake mwenyewe, kwenye kijiko cha uji na matone arobaini na matano. Mrisho angesema tu. Angesema kwa mdomo wake, akatulia, akatamka kalima, na mambo yangekuwa yaleyale yalivyo sasa.

Nyamizi alikuwa amesikia yote akiwa amesimama kwenye kizingiti. Hakulia. Alimwinua baba yake mkubwa kwa kwapa, akampangusa vumbi, akamkalisha kwenye kigoda na kumwambia hakukosa, alitaka kheri. Kisha akamwendea Fumbuka, akasogeza ushungi, akainamisha kichwa upande ili awekewe Shahidi nyuma ya sikio la kushoto.

"Nina muda gani?" aliuliza.

"Gari linaondoka saa nane," Fumbuka alisema. Mikono yake ilitetemeka sana kiasi kwamba Nyamizi mwenyewe alimshikia kisanduku.

Ilipokwisha, Nyamizi alimfuata mama yake chumbani. Kitanda kilikuwa kimeshaondolewa shuka. Meza ya dawa ilikuwa bado pale, kwa kuwa hakuna aliyepata nafasi ya kuiondoa.

"Mama," Nyamizi alisema, "nilipokwenda dukani jana, Baba aliamka?"

"Aliamka kidogo."

"Alitamka kalima?"

Kalunde alimtazama binti yake. Angeweza kukiri sasa. Hakuna Shahidi aliyekuwa akimsikiliza yeye, na moyo wake ulikuwa umevimba kwa maneno mpaka ukauma. Akaelewa kwa uchungu alichokuwa akikihisi Mrisho siku zile zote alipomziba mdomo. Lakini mtoto alikuwa na safari ndefu, na kule aendako alihitaji kitu cha kushika.

"Alitamka, mwanangu," alisema. "Alitamka vizuri kabisa, mpaka mwisho."

Nyamizi, aliyekuwa akipima matone ya chupa ile kila siku na kujua yamebaki mangapi, alimtazama mama yake kwa muda mrefu.

"Alhamdulillahi," alisema, akainama kufunga begi lake.